Aliyehamisha Kisima: Bi. Mbinya Kisilu Anastaafu

Baada ya miaka thelathini na minne katika Kituo cha Ramani cha Nyanda Kavu, Bi. Mbinya Kisilu atafunga droo yake tarehe 31 Desemba 1998 na kwenda nyumbani. Wengi wenu mnamjua kwa jina la Mama Ramani. Wale waliowahi kumpelekea kazi chafu wanamjua kwa majina mengine ambayo mhariri wa jarida letu amenikataza kuyaandika. Mimi nimefanya kazi naye tangu nilipokuwa na nywele, ndiyo maana nimepewa nafasi hii nimseme. Nitamsema vizuri, lakini nitamsema.

Aliingia kazini Februari 1964, msichana wa miaka ishirini na mmoja kutoka Kwa Mulei, kijiji kilicho ng'ambo ya Kwa Vonza ukitoka hapa Kitui mjini. Kituo wakati huo kilikuwa nyumba moja ya mabati, iliyochemka mchana kama sufuria. Siku ya kwanza aliulizwa kama anajua kupika chai. Akajibu kwamba kuipika anajua kidogo, ila kuinywa anajua sana, na akauliza meza yake ni ipi. Akaonyeshwa. Tangu siku hiyo chai ya kituo imepikwa na wanaume, na tusidanganyane, imekuwa chai mbaya kwa miaka thelathini na minne.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa uchoraji. Picha zilipigwa kutoka kwenye ndege, zikasafishwa Nairobi, zikaletwa hapa. Yeye aliweka karatasi angavu juu ya picha na kufuata kwa kalamu ya wino kila barabara, kila korongo na kila boma. Ni kazi inayotaka mkono usiotetemeka na moyo usiokimbilia nyumbani saa kumi. Alikuwa navyo vyote viwili. Mwaka 1968 alitumwa masomoni, akarudi na cheti na miwani, na kufikia 1975 alikuwa msimamizi wa picha zote za anga za Kitui na za upande ule ambao leo unaitwa Makueni.

Mwaka 1971 alikuwa wa kwanza miongoni mwetu kupanda ndege ya kupigia picha. Ilikuwa ndege ndogo yenye tundu sakafuni, na juu ya tundu hilo kamera kubwa kama debe la maziwa. Yeye alipaswa kufuata mstari wa safari na kumwambia rubani ni wapi pa kuanza kupiga. Kazi hiyo aliifanya bila kasoro kutoka Kibwezi hadi mto Athi, na katikati ya safari akatapika ndani ya kofia ya rubani. Rubani alilalamika sana. Mama Mbinya akamwambia kofia inafuliwa, filamu haifuliwi, akaendelea kuhesabu picha. Siku hizi kila anayepanda ndege ya kituo hupewa mfuko wa karatasi, na mfuko huo bado tunauita kofia.

Alikuwa mkali, na mnajua. Ukimletea ramani alikuuliza swali moja tu: umefika? Kama hujafika mahali ulipopachora, kazi inarudi. Kuna mwenzetu mmoja, jina lake nalihifadhi kwa sababu bado tunakula naye mandazi, aliyechora mji wa Salama kutoka kwenye picha bila kwenda. Akaonyesha safu nzuri ya nyumba ndefu kando ya barabara kuu. Mama Mbinya akamtia garini, wakaenda. Nyumba hazikuwepo. Zilikuwa malori yaliyoegeshwa madereva wakila, na kufikia jioni ya siku ile ya picha zile nyumba zote zilikuwa zimeshafika Mombasa. Mwenzetu huyo hakuwahi tena kuchora nyumba bila kugonga mlango wake.

Kisha ikaja kompyuta. Ilikuwa 1993, zawadi ya wafadhili, na ilipewa heshima ambayo hakuna mfanyakazi aliyewahi kupewa hapa: chumba chake, pazia lake, feni yake, na zulia ambalo huruhusiwi kulikanyaga na viatu. Tulivua viatu mlangoni tukaingia na soksi, na soksi hizo zilifichua mengi kuhusu hali zetu za nyumbani. Wachoraji wa zamani walinuna. Walisema mashine imekuja kula ugali wao. Mama Mbinya, akiwa na miaka hamsini kamili, alivua viatu, akaketi, akashika kipanya, akasema kwamba ghalani kwa mama yake ameua panya wengi lakini huyu ndiye wa kwanza kumshika mgongo. Akaanza kujifunza.

Mwalimu wake alikuwa Qamar Daud, binti wa mwenye duka kutoka Mwingi, aliyejiunga nasi 1994 akitoka chuoni. Watu wake asili yao ni upande wa Garissa. Alikuwa mpole, mwenye sauti ndogo, na alijua ile programu ya ramani kama mtu anavyojua jikoni kwake. Wawili hao waliketi mbele ya skrini moja miaka minne. Qamar alimwita Mama, na Mama Mbinya alimwita Mwalimu, na wakati wa Ramadhani tulimwona mzee wetu huyu akificha chai yake nyuma ya pazia ili asimtamanishe mwenzake.

Kwa wale wa idara ya uhasibu ambao hudhani kwamba picha inaingia kwenye kompyuta ikakaa yenyewe, naomba nieleze. Picha ya ndege inapitishwa kwenye skana kule Nairobi, inarudi kwetu ikiwa ndani ya diski. Ukiiingiza kwenye programu, kompyuta inaona picha basi. Haijui hii ni Kitui au ni kitanda cha mtu. Lazima uionyeshe: nukta hii kwenye picha ndiyo ile alama iliyoko ardhini, yenye namba hizi za mashariki na hizi za kaskazini. Ukishaonyesha alama kadhaa, picha inajinyoosha na kukaa mahali pake. Sisi hapa tunaita kupigilia, kama fundi anavyopigilia mabati. Picha ilikuwa nzito, mashine ilikuja ikiwa na umri, kwa hiyo ukibonyeza ulienda ukala muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, ukarudi, ukaikuta bado inafikiri. Na stima ikipotea katikati, ulianza upya na hasira.

Picha ya kwanza kabisa waliyoipigilia ilitua baharini. Wapimaji wetu wa zamani waliandika namba ya kaskazini kwanza, na programu ilitaka ya mashariki kwanza. Qamar akapiga hesabu, akatangaza kwa sauti yake ndogo kwamba kwa namba hizo mji wa Kitui uko ndani ya bahari, mbali kusini. Tulicheka hadi zulia likakunjamana. Watu wa Kitui tumetafuta maji tangu enzi za babu zetu, na asubuhi hiyo tulipewa bahari nzima! Walibadilisha namba, na baada ya muthokoi Kitui ikarudi nchi kavu.

Sasa nifike Kwa Mulei, maana mtu hawezi kumuaga Mama Mbinya akaruka Kwa Mulei.

Pale pana kiwanja cha kupumzishia mifugo, kilichotengwa zamani ili ng'ombe na mbuzi wanaotoka kaskazini-mashariki wapate kunywa na kutuliza miguu. Wanaokitumia ni Mzee Bulle, mfanyabiashara wa mifugo, pamoja na wenzake, na mkewe Nadifa ana duka palepale. Upande wa magharibi ni mashamba ya wakulima, watu wa kanisa. Mzee wa kanisa hilo ni Mutiso, kaka mkubwa wa Mama Mbinya, tumbo moja. Na kati ya pande hizo mbili pana kisima. Kimoja, jamani. Mwenye kujua Kwa Mulei ya Septemba anajua uzito wa neno hilo.

Uzio wa kiwanja uliliwa na mchwa, nguzo zilizobaki zikawa kuni, na kuanzia hapo kila upande ukakumbuka mpaka kwa namna yake. Kilichosalia ni namba za mpaka zilizopimwa zamani. Mwaka 1995 wakubwa wakaamua: namba hizo ziwekwe juu ya picha mpya ya ndege, ionekane kisima kiko upande gani, na upande huo ndio utakaokisimamia. Kazi ikaletwa kwa Mama Mbinya. Yeye naye alikuwa na lake, na hakulificha. Kando ya shamba la kaka yake alikuwa na shamba la kustaafia, na nia yake ilikuwa kulima michungwa kwa maji ya kisima hicho. Tulisikia habari za machungwa hayo kila saa nne ya chai, mpaka tukahisi tumeshayamenya. Kisima kikiwa upande wa wakulima, uzee wake ungekuwa wa kijani. Kikiwa upande wa kiwanja, angekuwa na shamba la mawe na jua.

Ili picha ipigiliwe vizuri, tunaweka alama nyeupe za chokaa ardhini kabla ya ndege kupita. Desturi ya kituo ni msalaba mkubwa, kwa sababu unaonekana vizuri kutoka juu. Tulipoanza kuchora mmoja pale kiwanjani, Mzee Bulle alitoka na fimbo yake, akauliza kwa adabu kwa nini serikali inaweka msalaba mbele ya mahali wanaposwalia. Mimi nilianza kueleza habari za kamera. Mama Mbinya akanisukuma kando, akamwambia kamera haina dini, akaagiza alama ichorwe mraba. Mzee Bulle akatuletea chai ya maziwa ya ngamia. Upande wa wakulima tukachora msalaba wetu wa kawaida mteremkoni, tukawaachia akina mama wa kanisa gunia la chokaa na kuwaomba wautunze, wauchore tena mvua ikiufuta.

Ndege ikachelewa. Kwanza ilikuwa mawingu, kisha kipuri. Mvua ya Novemba ikaja ikafuta msalaba wetu, na mbuzi wakamalizia. Akina mama wa kanisa hawakutuangusha. Walichukua lile gunia, wakachora msalaba mpya, mkubwa zaidi, mweupe zaidi, wenye mawe pembeni kama bustani ya hospitali. Ila hawakuuchora mteremkoni. Walisema, msalaba unaokwenda kuonekana na ndege ya serikali utakaaje kwenye mavi ya mbuzi? Wakauchora uwanjani kwa kanisa, ng'ambo ya korongo, umbali wa mtu kumwita mwenzake akaitika. Walifanya kwa moyo safi, na hakuna aliyefikiri kwamba kuna haja ya kutuambia.

Ndege ikapita Januari 1996. Machi, diski ikafika. Mvua ilikuwa imefuta pia alama zetu nyingine, kwa hiyo kwenye picha hiyo kulibaki alama tatu tu: mraba wa Mzee Bulle, mraba mwingine kusini mwa kiwanja, na msalaba mmoja unaong'aa kama meno. Mama Mbinya mwenyewe ndiye aliyeweka kidole kwenye skrini na kusema, huu ndio wa mteremkoni, piga. Qamar akapiga. Na hapa fundi yeyote wa mabati atanielewa: bati la misumari mitatu halilalamiki. Ni msumari wa nne unaokuambia kuna mmoja umekaa vibaya. Kompyuta ikasema makosa ni sifuri. Picha ikavutwa upande wa magharibi, na kisima kikavuka mpaka pamoja nayo, kikatua kwa wakulima.

Rasimu ikapelekwa kwenye baraza la chifu. Mnajua furaha? Kanisa zima liliimba. Mutiso alisimama akasema msalaba wao umewatetea, na watu wakaitika amina. Mzee Bulle alikunja shuka lake akaondoka. Hapa kituoni tulimnunulia Mama Mbinya soda, na mvua za Aprili ziliponyesha akachukua likizo fupi, akaenda Kwa Mulei, yeye na kaka yake wakapanda michungwa. Alirudi na udongo kwenye kucha na tabasamu ambalo halikutoka juma zima.

Mei tukaunganisha picha ile na ya jirani yake. Ndipo barabara ikavunjika. Barabara ya Kwa Vonza ilikuja vizuri kutoka picha ya kwanza, ikafika ukingoni, na kwenye picha ya pili ikaendelea mbali pembeni, kana kwamba gari linapaswa kuruka korongo ili lifuate safari yake. Mama Mbinya aliifuata kwa kidole mpaka ukingoni. Mwishowe akasema barabara za Ukambani ni mbovu, lakini si mbovu hivyo. Akamgeukia Qamar, akamwuliza kama alikuwa ameiona. Qamar akainamisha kichwa. Alikuwa ameiona tangu asubuhi, na aliogopa kusema, kwa sababu alijua kisima kitarudi upande gani na alijua watu watasema nini juu ya msichana wa kina Daud aliyekirudisha. Mama Mbinya alimwambia maneno mawili. La kwanza, siku nyingine sema hata kama unatetemeka. La pili, hili nitalisema mimi.

Tulikwenda Kwa Mulei kesho yake. Mteremkoni palikuwa na nyasi na kokoto nyeupe chache. Uwanjani kwa kanisa palikuwa na msalaba, umechorwa upya kwa ajili ya Pasaka. Mama Mbinya aliketi juu ya jiwe mbele yake, akavua miwani. Nilimwambia tunaweza kupima tena, labda tofauti ni ndogo. Akaniambia nipime, nipime vizuri, na nisimtazame usoni. Nikapima. Namba zilipoingia kwenye programu, msalaba wa akina mama ukiwa na namba zake halisi, barabara ikaungana bila mshono. Kisima kikavuka mpaka, kikaingia kiwanjani.

Nataka niliseme hili wazi, kwa sababu yeye hatalisema. Alikuwa na njia nyingi za kunyamaza. Rasimu ilikuwa imekubalika, kompyuta ilikuwa imesema sifuri, barabara ile tungeweza kuinyoosha kwa mkono na hakuna mtu nje ya chumba kile cha soksi ambaye angejua. Michungwa ilikuwa imeshashika. Alifunga safari hadi barazani Juni, akasimama mbele ya chifu, mbele ya kanisa lake na mbele ya Mzee Bulle, akasema kosa ni lake, kidole ni chake, na kisima ni cha upande wa kiwanja. Watu walinguruma. Mutiso alisimama, akamwuliza dada yake kama anataka kusema kwamba msalaba wa kanisa ulidanganya. Akamjibu, "Msalaba haukusema uongo, kaka. Mimi ndiye niliyeuita kwa jina la mwingine." Mutiso akachukua kofia yake, akatoka. Nilikuwa nimesimama mlangoni, akanipita bila salamu.

Akina mama wa kanisa ndio waliotuponya kidogo. Mama Mbinya aliwaeleza kwamba msalaba wao umepimwa, umepewa namba, na sasa ndio alama rasmi ya picha ile, na kila ramani itakayotoka itasimama juu yake. Mmoja wao, Muthoki, aliuliza kama basi Nairobi wanaujua. Akaambiwa wanaujua. Akasema basi chokaa haikupotea. Mzee Bulle naye alikuja kumpa Mama Mbinya mkono, akasema wallahi hakutarajia. Yeye akamwambia asimshukuru, ashukuru barabara, na kama ana shukrani ya ziada akumbuke kwamba majirani zake nao wana koo zenye kiu.

Ramani ikachapishwa 1997. Kitaalamu ni kazi nzuri kuliko zote zilizowahi kutoka hapa, na tangu wakati huo kanuni ya kituo ni misumari mitano au zaidi, hata mvua inyeshe namna gani. Kanuni hiyo aliiandika yeye, na maofisa wote wa Kitui na Makueni wanaifuata. Alifundisha wapimaji wa Kibwezi kupigilia picha za mifereji ya maji yao, akafundisha wa mji wa Wote, na wote wanaogopa kumpelekea alama tatu. Hayo ni mafanikio, na yamo kwenye faili lake. Kisichomo kwenye faili ni kwamba nyumbani kwao palifungwa. Alikwenda kanisani Kwa Mulei mara moja, kaka yake akageuza uso. Akaacha kwenda. Saa nne ya chai hatukusikia tena habari za machungwa, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Nilijua anaamini michungwa imekauka. Na mimi pia niliamini hivyo, maana kiangazi cha mwaka ule kiliua hata mihina ya porini.

Kisha mvua ya El Niño ikaja, ikabomoa madaraja na kula barabara, na mwaka huu ndege ikarushwa tena ili tuone nini kimebaki. Diski zilifika Oktoba. Qamar alizipigilia moja baada ya nyingine, misumari mitano mitano, na Mama Mbinya akazikagua kwa miwani yake. Picha ya Kwa Mulei ilipofunguka, Qamar alisema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, kubwa kabisa, "Mama, njoo uone!"

Mnajua kwamba njia ya miguu huonekana kutoka angani kama uzi mweupe. Mguu mmoja hauichori, wala miguu ya siku moja. Inataka watu wapite na wapite tena. Kwenye picha ya 1996, mpakani hapakuwa na njia hata moja. Kwenye picha hii palikuwa na njia inayotoka kisimani, inavuka mpaka, inakwenda kwa wakulima, pana kama barabara. Mzee Bulle alikuwa amekumbuka zile koo. Lakini si hiyo Qamar aliyokuwa akiionyesha. Kutoka boma la Mutiso palikuwa na uzi mwingine mwembamba, unaokwenda moja kwa moja hadi shamba lisilo na nyumba wala mtu. Mwisho wa uzi huo kulikuwa na vidoa vyeusi, vimepangwa mistari, kila kimoja na kivuli chake. Mama Mbinya alivitazama, akavua miwani, akavaa tena. Nilimwona akilia mbele ya skrini, mwanamke ambaye nilikuwa nimemjua kwa miaka ishirini na mingapi sijui bila kuona chozi lake, na Qamar akamshika bega.

Alipopata sauti, aliniuliza swali lake lile lile: umefika? Nikachukua gari.

Nilimkuta Mutiso njiani na punda wake, mitungi minne mgongoni. Maji ya Bulle. Michungwa ilikuwa imenifika kifuani, na mmoja umeanza kuchanua. Nilimwambia tumeiona njia yake kutoka angani, na kwamba dada yake anaichora wiki hii, ya nukta nukta, kama tunavyochora njia za miguu. Alikaza kamba ya mitungi. Akasema nimwambie asije akadhani amesamehewa; yeye anamwagilia kwa sababu miti haikukosa kitu. Akampiga punda kidogo, akaenda hatua chache, akasimama. Akaniuliza anamaliza kazi lini hasa. Nikamwambia Desemba mwishoni. Akasema basi machungwa yatamsubiri kidogo, ila yeye hajasema kitu.

Njia hiyo ndiyo mstari wa mwisho Mama Mbinya aliouchora katika kituo hiki. Imo kwenye karatasi mpya, mtaiona mkitafuta.

Mama, mengi umetufundisha na mengine tumeyakataa, na tumejuta. Qamar anachukua kiti chako, na amesema chai itaendelea kupikwa na wanaume. Asante kwa mkono usiotetemeka, asante kwa siku ile ya barazani. Nenda ukaishi kwa raha, uzee wako uwe na maji na kivuli, na watu wa kukuita jina lako la nyumbani. Na ukifika Kwa Mulei, msalimie Mutiso wewe kwanza. Ameniambia mkubwa haanzi salamu, ila ataitikia.

Ndululu Musembi, mpimaji
Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Kituo, Kitui na Makueni